Hija ya miguu kutoka Bukoba hadi Namugongo: je, naweza kwenda kwa mwendo wangu mwenyewe?

Mama Koku

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nina umri wa miaka 57, ninaishi Bukoba mjini, na nimekuwa nikienda Namugongo kwa basi pamoja na wanajumuiya wenzangu kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni. Mwakani nimeweka nia ya kwenda kwa miguu. Tatizo langu ni kwamba kikundi cha mahujaji wa parokia yetu kina vijana wengi, hutembea kilomita 40 na kuzidi kwa siku, huamka saa tisa usiku, na anayechelewa hupandishwa kwenye gari la mizigo hadi kituo kinachofuata. Sipendi kuhiji nikiwa ndani ya gari la mizigo, na goti langu la kulia halinipi ruhusa ya kushindana na watoto wa miaka 20.

Kwa hesabu zangu, Bukoba hadi Mutukula mpakani ni takriban kilomita 80, Mutukula hadi Masaka takriban 90, Masaka hadi Kampala takriban 130, na ukiongeza kipande cha kutoka Kampala hadi Namugongo jumla inakaribia kilomita 310. Ningependa kujua kutoka kwa waliokwisha kutembea iwapo inawezekana kuondoka mapema zaidi ya kikundi, nikiwa na mdogo wangu wa kike ambaye amekubali kunisindikiza, na kwenda taratibu hadi tufike. Maandalizi ya mwili yaanze lini na yaweje. Na tutalala wapi ikiwa hatumo katika orodha ya kikundi chochote. Goti halijawahi kufanyiwa upasuaji, ila huvimba nikishuka mlima.

Mzee wa Kyaka

Milele amina, mama yangu. Inawezekana kabisa, na wapo wanaofanya hivyo kila mwaka, ingawa hawaonekani kwa sababu hawana bendera wala fulana za kufanana.

Anza kuhesabu kutoka mwisho. Ukitaka kufika Namugongo tarehe 31 Mei, ili upate siku mbili za kupumzika na kuungama kabla umati haujajaa, na ukiamua kutembea kilomita 20 kwa siku, unahitaji siku 16 za kutembea. Ongeza siku mbili kamili za kupumzika, moja Masaka na nyingine popote goti litakapodai, na utaona kwamba unapaswa kuondoka Bukoba tarehe 14 Mei. Kilomita 20 kwa mtu anayekwenda kilomita nne kwa saa ni saa tano za kutembea, kwa hiyo ukitoka saa kumi na moja alfajiri na kupumzika mara mbili tatu njiani, unafika kituoni kabla ya jua la saa nane. Mchana wote uliobaki ni wa kufua soksi, kula, kusali na kulala. Usidanganyike na siku ya tatu au ya nne ambapo mwili huchangamka na mtu anajiona anaweza kuunganisha vituo viwili. Wengi niliowaona wakiishia njiani waliharibikiwa siku hiyo hiyo, na si siku ya kwanza kama watu wanavyodhani.

Kuhusu mazoezi, anza mwishoni mwa Januari. Kwa mwezi wa kwanza wa mazoezi tembea saa moja siku nne za juma, kwenye njia tambarare ya ufukweni, bila mzigo. Mwezi wa pili wa mazoezi ongeza safari moja ndefu kila Jumamosi, ya kilomita 10, kisha 12, kisha 15. Mwezi wa tatu wa mazoezi fanya safari ndefu mbili zinazofuatana, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa kinachopima mhujaji ni kule kuamka siku ya pili na miguu ikiwa bado mizito. Njia ya kwenda Kashozi inafaa sana kwa ajili hiyo, maana ina vilima vya kupanda na kushuka, na ukichoka daladala hazikosekani. Goti linalovimba wakati wa kushuka linataka fimbo mbili na hatua fupi, na mimi ningekushauri uzoee kuteremka kwa mshazari, ukikata kona pana, badala ya kushuka moja kwa moja. Mwezi wa Aprili fanya mazoezi hata mvua ikinyesha, kwa sababu Mei nayo ni masika, na utatembea ukiwa umelowa upende usipende.

Kuna kipande kimoja ambacho sitaki ukifike bila kukijua, nacho ni Lwera, baada ya Lukaya. Barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi, nyumba ni chache, kivuli hakuna, na malori ya Masaka na Kampala yanapita kwa kasi hadi upepo wake unakuyumbisha. Utawaona wauza samaki wamesimama pembeni wakiwa wameinua kamongo mrefu kuliko mkono, wakiwapungia madereva, na hao ndio watakaokuwa majirani zako kwa saa kadhaa. Mvua zikizidi, maji hupanda hadi kwenye barabara yenyewe; mwezi Mei mwaka 2023 mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga na barabara kuu ikafungwa. Kwa hiyo lala Lukaya, toka gizani ukiwa na tochi na kizibao chenye kung'aa, beba maji ya kutosha, na usikianze kipande hicho saa sita mchana kwa sababu tu unajiona una nguvu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Naomba niongeze yanayohusu miguu, kwa maana katika vituo vya huduma ya kwanza vya mahujaji malalamiko mengi huanzia chini ya kifundo.

Viatu vyako viwe vimekwisha kutembea kilomita mia moja au zaidi kabla ya safari, na viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwani mguu huvimba baada ya saa nyingi barabarani. Usinunue viatu vipya Aprili kwa heshima ya safari. Kata kucha kwa mkato ulionyooka siku chache kabla ya kuondoka. Kila asubuhi paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kisiginoni na sehemu za mapaja zinazosuguana, kisha vaa soksi nyembamba ndani na nene juu yake, ili msuguano ubaki kati ya soksi na soksi. Soksi zikilowa, simama ubadilishe, hata kama umebakiza kilomita tatu. Zilizolowa unaweza kuzifunga nje ya begi zikaushwe na jua, na hakuna mtu atakayekucheka, kwa kuwa kila begi la mhujaji limepambwa hivyo hivyo.

Lengelenge huanza kama joto. Ukihisi sehemu moja ya unyayo inachoma kuliko nyingine, simama pale pale, vua kiatu, bandika plasta. Ukisubiri kituo kinachofuata, utakuta ngozi imekwisha kuinuka. Lengelenge dogo lisilouma liache lilivyo na ulifunike. Kubwa linalozuia kutembea lioshwe kwa sabuni, litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yakamuliwe polepole, na ile ngozi ya juu isibanduliwe kwa hali yoyote, kwa sababu ndiyo bandeji bora kuliko zote ulizobeba.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni vidonge vya maumivu. Mahujaji hununua diklofenaki barabarani na kuimeza kila asubuhi kama chai, huku wanakunywa maji kidogo ili wasisumbuke kutafuta choo. Dawa za kundi hilo, zikichanganyika na upungufu wa maji mwilini, zinaweza kuumiza figo, na zikimezwa tumbo likiwa tupu huleta vidonda vya tumbo. Goti likiuma, punguza kilomita, lifunge kwa bandeji ya kuvutika, liinue juu ya begi unapolala, na ukihitaji kidonge anza na parasetamoli. Beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na kabla ya yote hayo, nenda hospitali mwezi Januari ukapimwe shinikizo la damu, sukari na hilo goti lenyewe. Mwenye kisukari anaweza kuhiji kwa miguu, ila lazima akague nyayo zake kila jioni kwa macho au kwa kioo kidogo, kwa kuwa huenda asihisi kidonda kinapoanza. Chandarua usikiache nyumbani. Ukanda wote wa ziwa hili una malaria, na Mei mbu ni wengi.

Katekista Mstaafu

Nimesoma ushauri wa wenzangu na nauheshimu, lakini naona pande moja ya jambo hili imeachwa. Hija ya miguu ni sala ya pamoja. Watu wanapotembea wakisali rozari kwa kupokezana, wakiimba, wakigawana mkate na maji, wanajifunza jambo ambalo mtu aliyejitenga hawezi kulipata, na pia wana ulinzi, wana msimamizi, wana gari la mgonjwa. Wanawake wawili peke yao gizani kwenye barabara kuu ya nchi ya jirani ni jambo ambalo mimi kama katekista nisingelibariki haraka.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kwamba anayekwenda taratibu ana hija pungufu. Wakumbuke mashahidi wenyewe. Baada ya kuhukumiwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kule Munyonyo mwezi Mei mwaka 1886, walitembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, na si wote waliofika. Athanasio Bazzekuketta aliuawa Nakivubo tarehe 27 Mei, na siku hiyo hiyo Gonzaga Gonza, ambaye minyororo ilikuwa imemchubua miguu hadi akashindwa kuendelea, alichomwa mkuki huko Lubaawo. Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Gonza na Bazzekuketta walikuwamo pamoja na waliofika mwisho wa njia.

Kwa hiyo pendekezo langu kwako, mama, ni la katikati. Ondokeni mapema kwa mwendo wenu, lakini mtafute wenzenu wengine wawili au watatu wa rika lenu, kwa kuwa katika kila parokia wapo wanaoogopa mwendo wa vijana na wanaona aibu kusema. Mpeni paroko ratiba yenu. Kikundi kikubwa kitawapita mahali fulani, pengine baada ya Masaka, na mkishafika Kampala mkutane nacho katika Kanisa Kuu la Rubaga, alipozikwa Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, ili kipande cha mwisho mkitembee pamoja na kuingia Namugongo mkiwa parokia moja. Pia msali mkiwa mnatembea, hata kama ni wawili. Wapo wanaojiandaa kwa viatu na plasta kwa miezi minne na kusahau kuungama.

Mkazi wa Nyendo

Mimi ni Mtanzania ninayefanya biashara Masaka, na mahujaji wa kutoka nyumbani huwa nawaona wakipita hapa kila mwisho wa Mei, kwa hiyo nitajibu kuhusu malazi, mpaka na barabara.

Kwanza barua. Mwombe paroko wako awaandikie barua ya utambulisho yenye mhuri, ikitaja majina yenu na nia ya safari, na mtoe nakala kadhaa. Katika parokia za njiani, mhujaji mwenye barua hupokelewa ukumbini au darasani, na mara nyingi wanajumuiya wa eneo hilo humpeleka nyumbani kwao. Usitegemee kitanda. Beba mkeka mwepesi, shuka na kanga mbili, kwa sababu kanga ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka na ni mwavuli wa jua. Faida ya kutangulia ni kwamba mtafika wakati kumbi hazijajaa; kuanzia tarehe 27 au 28 watu hulala hadi kwenye veranda. Kwa vituo vyenu vya kilomita ishirini ishirini, upande wa Uganda fikirieni Sanje, Kyotera, Kalisizo, Masaka, Lukaya, Kayabwe pale penye alama ya ikweta, Buwama na Mpigi, mkijua kwamba umbali hautagawanyika sawasawa kama kwenye karatasi. Lukaya hadi Kayabwe, kwa mfano, kunazidi kilomita 30, na hapo mimi nisingeona vibaya mama wa miaka 57 akipanda gari nusu ya njia.

Pili, mpaka. Mtanzania anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha Taifa peke yake kisikutie moyo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Ukiwa nacho cha zamani, usihangaike, maana tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Mutukula ni kituo cha pamoja, kwa hiyo mkiingia Uganda mnagonga mihuri yote upande wa Uganda. Badilisheni fedha mnayohitaji kwa siku tatu nne tu kisha mbadilishe nyingine Masaka, na mnunue laini ya simu ya Uganda dukani mkiwa na hati zenu, ili mdogo wako asibaki bila mawasiliano mkitengana.

Tatu, barabara. Magari yanakwenda kushoto kama nyumbani, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia mkiyatazama yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine. Nakubaliana na katekista kuhusu giza: kabla ya saa kumi na mbili asubuhi tembeeni pale tu penye watu, au pale ambapo mwanga wa jua ungewaumiza zaidi kuliko giza, kama Lwera, na huko msiende wawili. Mkifika Busega msishawishike kufuata barabara ya mchepuko ya kaskazini eti kwa sababu inatokea karibu na Kyaliwajjala. Ni kilomita 21 za magari ya kasi. Pitieni Natete, mpande Rubaga, mlale hapo, kisha Nakawa, Kireka, Kyaliwajjala na Namugongo.

Chakula hakisumbui. Matoke, maharage, chapati na mayai vinapatikana kila mji mdogo, na gonja (ndizi) la kuchoma la Lukaya ni sababu tosha ya kulala pale. Maji ya kunywa nunueni au mchemshe. Watu wa vijijini watawapa maji ya mtungi kwa moyo mweupe mkipita, na kukataa ni vigumu. Ndiyo maana wengine hubeba vidonge vya kutibu maji na kutia kimoja kwenye chupa wakishageuka kona.

Mama Koku

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na paroko jana baada ya misa ya jioni. Amekubali kutoa barua, na kama alivyosema Katekista, wamejitokeza wawili zaidi, mmoja mwanamume mstaafu wa bandari na mwingine mama wa Kwaya, kwa hiyo tutakuwa wanne. Januari nitakwenda kupimwa. Daktari akisema goti haliwezi kilomita 310, je, kuanzia Masaka kunahesabika kuwa hija ya miguu au nitakuwa nimejidanganya? Na swali la pili ni la kurudi, kwa kuwa sijasikia mtu akilitaja.

Mzee wa Kyaka

Kunahesabika, mama. Hakuna mahali ambapo Namugongo hupima kilomita wala kugawa vyeti. Masaka hadi Namugongo ni kama kilomita 145, ambazo kwa mwendo wako ni siku saba au nane, na wapo Waganda wengi wanaotoka hapo hapo Masaka na kuitwa mahujaji bila swali. Ningekuomba tu uamue mapema, Aprili hivi, baada ya kuona jinsi goti linavyoitikia zile Jumamosi na Jumapili za mfululizo. Linalovimba usiku na kupungua asubuhi unaweza kulivumilia kwa mwendo mfupi. Likiamka bado limevimba siku ya pili, anzia Masaka.

Mkazi wa Nyendo

Kuhusu kurudi: tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, barabara za kuzunguka Kyaliwajjala hufungwa kwa magari, na ibada ikiisha umati wote unatoka kwa wakati mmoja, wakiwamo Waanglikana wanaotoka kwenye eneo lao la Nakiyanja hapo jirani. Msijaribu kusafiri jioni ile. Fanyeni mpango na basi la parokia yenu liwabakizie viti vinne vya kurudia, na mlipe nauli hiyo kabla hamjaondoka Bukoba. Kama halitakuwapo, laleni Kampala usiku wa tarehe 3 na mpande basi la Bukoba tarehe 4 au 5, mkiwa mmekata tiketi siku mliyopita Rubaga. Mizigo mizito, yaani nguo za sikukuu na blanketi za kulalia nje siku zile za Namugongo, mlipatie hilo hilo basi liwaletee, maana usiku kule kuna baridi na mtalala kwenye nyasi.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Na ukiwa ndani ya basi, vua viatu, inuka kila linaposimama, na unywe maji. Miguu iliyotembea majuma mawili kisha ikakalishwa saa nyingi bila kunyooshwa huvimba kuliko ilivyovimba njiani.

Mama Koku

Nimeandika yote kwenye daftari. Viti vinne nitaviombea Jumapili hii.